Kibaya Chajitembeza: Magari ya Watu wa Kawaida katika Marekani ya Jana

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumbeza mtu anayejinadi kwa kuwa hakuna anayemtaka. Lakini tukiitia katika mizani ya historia, huenda tukaona kwamba imebeba maana nyingine tusiyoitarajia. Kitu kizuri hukaa mahali pake kikitazamwa. Kitu kisicho na sura hakina budi kutembea, na katika kutembea huko ndimo kazi nyingi za ulimwengu hufanyika. Katika insha hii tutaijaribu maana hiyo kwa kutazama jambo moja la Marekani ya karne iliyopita, nalo ni magari ya bei nafuu, yasiyo na urembo, ambayo familia za kawaida ziliyatumia miaka mingi na ambayo leo hayatajwi sana.

Msomaji anaweza kuuliza magari ya Wamarekani yana uhusiano gani na utamaduni. Jibu letu ni kwamba utamaduni wa taifa lolote si ngoma na mavazi ya sherehe peke yake. Vyombo ambavyo watu walivishika kila siku, wakavitengeneza vilipoharibika na kuwafunza watoto wao namna ya kuvitunza, navyo ni sehemu ya utamaduni huo. Aidha, wengi wetu Afrika Mashariki tumeijua Marekani kwa njia ya sinema, na sinema hupenda vitu vinavyong'aa. Hutuonyesha Cadillac la mwaka 1959, refu kama jahazi, lenye mapezi ya papa nyuma yake. Anayeitegemea picha hiyo peke yake atadhani kwamba kila Mmarekani alikuwa na gari kama hilo. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Tangu awali gari lililoibadili nchi ile lilikuwa la mtu wa kawaida. Kati ya mwaka 1908 na 1927 kiwanda cha Henry Ford kilitoa magari milioni 15 ya aina ya Model T, na bei yake ikashuka kutoka dola 850 hadi chini ya dola 300. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili watengenezaji wa Detroit walilewa utajiri. Kila mwaka magari yalizidi kuwa marefu, mazito na yenye nikeli nyingi. Ulipofika mwaka 1958 uchumi uliyumba, watu wakapoteza kazi, na magari hayo makubwa yakakosa wanunuzi. Wakati huo George Romney, mkuu wa kampuni ndogo ya American Motors, alikuwa akizunguka nchini akiyafananisha magari makubwa na wanyama wa kale waliokwisha kuangamia. Gari lake dogo la Rambler halikuwa na madaha yoyote, ila lilikula petroli kidogo na kumfikisha mtu aendako. Katika mwaka ule mbaya, wengine walipokuwa wakipata hasara, mauzo ya Rambler yalipanda.

Kampuni kubwa zikatambua kwamba zimeachwa nyuma. Katika majira ya mwisho wa mwaka 1959 zilitoa kwa pamoja magari matatu madogo: Chevrolet Corvair, Plymouth Valiant na Ford Falcon. Yafaa tukumbuke kwamba Septemba ya mwaka huo huo ndege iliwafikisha Marekani wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake. Nchi waliyoikuta vijana wale ilikuwa imeanza kujiuliza kama ukubwa na fahari ndiyo maendeleo.

Kati ya magari hayo matatu Falcon ndilo lililopendwa zaidi. Bei yake ya kuanzia ilikuwa chini kidogo ya dola 2,000. Injini yake ilikuwa ya silinda sita, isiyo na mbio wala makeke, na ndani walienea watu sita, watatu mbele na watatu nyuma, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu mithili ya benchi. Katika mwaka wake wa kwanza yaliuzwa zaidi ya 400,000. Wapenzi wa magari ya fahari walilidharau, wakisema halina mvuto. Hawakukosea. Mvuto haukuwa kazi yake.

Waliokuwa na magari kama hayo huyakumbuka kwa namna inayofanana. Hukumbuka viti vya plastiki vilivyounguza mapaja wakati wa kiangazi. Hukumbuka asubuhi za baridi kali, baba akivuta choki na kulibembeleza gari liwake kama mtu anayembembeleza punda mkaidi. Hukumbuka chumvi iliyomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, na namna chumvi hiyo ilivyoyala mabati kutoka chini mpaka kutu ikatoboa sakafu. Hukumbuka pia kipimo cha mwendo, ambacho katika magari mengi kilikuwa na tarakimu tano tu za maili. Gari lilipotimiza maili 100,000 tarakimu zote zilirudi sifuri, na familia nzima iliinamia kipimo kushuhudia gari lao kuukuu likizaliwa upya. Zaidi ya yote hukumbuka kwamba gari lilitengenezeka. Mwenye gari aliyekuwa na spana chache na subira aliweza kubadili plagi, kusafisha kabureta na kukaza breki mwenyewe, huku mtoto akimshikia tochi. Hiyo nayo ilikuwa shule.

Hata hivyo, haitatosha kuzungumza juu ya mapenzi ya familia peke yake. Tukirudi nyuma miaka michache kabla ya Falcon, tutaona kwamba gari la kawaida liliwahi kuwa chombo cha kupigania haki. Katika majimbo ya kusini Waamerika weusi walilazimishwa kukaa nyuma ya basi na kuwapisha wazungu viti. Tarehe 1 Desemba 1955, katika mji wa Montgomery, Alabama, Rosa Parks alikataa kuondoka kitini pake, akakamatwa. Weusi wa mji ule wakaacha kupanda mabasi kwa siku 381. Je, waliendaje kazini? Wengi walitembea kwa miguu. Wengine walibebwa na magari ya wenzao, mamia ya magari ya watu wa kawaida, yaliyopita katika vituo maalumu kwa ratiba iliyopangwa makanisani. Makanisa nayo yalinunua magari ya stesheni wagoni, yale marefu yenye mlango wa nyuma ambayo familia hupakia watoto na mizigo.

Wakubwa wa mji walitambua nguvu ya magari hayo. Polisi waliwasimamisha madereva kwa visingizio vidogo vidogo. Martin Luther King mwenyewe alikamatwa Januari 1956 kwa kosa la kwenda maili 30 kwa saa mahali paliporuhusiwa maili 25. Bima za magari ya makanisa zilifutwa, hata ikabidi bima itafutwe London. Mwishowe mahakama ya jimbo iliupiga marufuku mpango wote wa kubebana. Uamuzi huo ulitolewa tarehe 13 Novemba 1956, siku ile ile ambayo Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba ubaguzi katika mabasi ya Montgomery ni kinyume cha katiba. Hapana shaka kwamba ushindi ule uliletwa na watu. Lakini watu wale walibebwa na vyombo ambavyo hakuna aliyevisifia uzuri.

Kwa mtu mweusi gari, hata likiwa kuukuu, lilikuwa pia kinga dhidi ya fedheha ya basi na treni. Hata hivyo barabara haikuwa salama. Ndiyo maana Victor Hugo Green, tarishi wa posta aliyeishi Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha mwongozo kilichowaonyesha wasafiri weusi mahali pa kulala, kula na kutia petroli bila ya kufukuzwa. Kitabu hicho kiliendelea kutolewa kwa miaka thelathini hivi.

Sasa na tuuangalie upande wa fahari. Aprili 1964 kampuni ya Ford ilitoa gari la Mustang, ambalo vijana wa ulimwengu mzima walilitamani na ambalo mpaka leo hutukuzwa katika nyimbo na sinema. Wenye kulisifu hawakumbuki sana kwamba chini ya umbo lake zuri mlikuwa na vyuma vingi vya Falcon. Mustang lilikuwa Falcon lililovishwa nguo za arusi. Usione vyaelea, vimeundwa. Na aghalabu vimeundwa juu ya mgongo wa kitu kisichotajwa.

Lakini tusije tukadhani kwamba kila cha bei nafuu ni chema. Unafuu mwingine ulilipiwa kwa damu. Chevrolet Corvair lililaumiwa kwa kuyumba katika kona, na kitabu cha Ralph Nader cha mwaka 1965 juu ya hatari za magari kilichangia kuleta sheria ya usalama ya mwaka 1966. Mwaka 1970 Ford ilitoa gari dogo la Pinto, ambalo tangi lake la petroli liliwekwa mahali palipoweza kupasuka na kushika moto gari lilipogongwa kwa nyuma. Mwaka 1978 kampuni iliyaita magari milioni moja na nusu ili yarekebishwe, baada ya watu kupoteza maisha. Fundisho ni wazi: mwenye kununua cha bei ndogo hakununua haki ndogo ya kuishi.

Historia hii ilifika hata kwetu. Kiongozi aliyesukuma mbele mpango wa Falcon alikuwa Robert McNamara. Baadaye akawa waziri wa ulinzi aliyeiongoza Marekani katika vita vya Vietnam, na tangu mwaka 1968 akawa rais wa Benki ya Dunia. Septemba 1973 alisimama mjini Nairobi, katika mkutano mkuu wa benki hiyo, akahutubia juu ya umaskini wa kupindukia na hali ya wakulima wadogo. Mwezi uliofuata ulizuka mgogoro wa mafuta. Bei ilipanda mara nne. Huko Marekani watu walipanga foleni kwenye vituo vya petroli na kuyatafuta magari madogo waliyoyadharau; huku kwetu nchi changa zisizo na mafuta ziliumia vibaya.

Kampuni ya Chrysler nusura ifilisike. Mnamo Januari 1980 serikali ikaidhamini mikopo ya hadi dola bilioni moja na nusu. Chombo kilichoiokoa hakikuwa cha fahari. Kilikuwa Dodge Aries na nduguye Plymouth Reliant, magari yenye umbo la sanduku, injini ya silinda nne na nafasi ya watu sita. Madeni yalilipwa mwaka 1983, miaka saba kabla ya wakati wake.

Yako wapi leo magari hayo? Mengi yaliliwa na kutu, mengine yakayeyushwa kuwa chuma kipya. Cadillac na Mustang zimepata nafasi ya heshima katika majumba ya makumbusho. Falcon na Aries zimebaki zaidi katika picha za familia, nyuma ya watoto waliopangwa mstari, zikiwa zimekatwa nusu na ukingo wa picha.

Hapo ndipo sisi tunapopata funzo letu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliosoma Dar es Salaam katika miaka ya 1980 tulibanana katika magari yaliyoitwa chai maharage na katika mabasi ya Ikarus kumbakumba. Wazee wetu walisafirishwa na malori ya mizigo, na baiskeli iliyomfikisha mkunga kwa mzazi ilikuwa ile ile iliyopeleka kahawa mnadani. Vyombo hivi navyo vinayeyuka. Twawaomba walimu wawatume wanafunzi wao kwa wazee na maswali machache: chombo kilikuwa cha aina gani, nani alikitengeneza kilipoharibika, kilibeba nini, na siku gani kilimwokoa mtu? Majibu yaandikwe pamoja na miaka yake, na yahifadhiwe shuleni.