Mshale wa Upinde wa Mguu: Ufundi Wake na Hukumu ya Windo Lake

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Wanafunzi wa fiqhi wanapofika katika mlango wa uwindaji hukutana na swali ambalo wengi wetu tunalipita haraka: mshale wa namna gani humhalalisha mnyama? Swali hili ndilo linalotenganisha nyama ya halali na mzoga. Tutalitazama kupitia silaha ambayo Waarabu waliiita qaws al-rijl, yaani upinde wa mguu.

Uliitwa hivyo kwa sababu mpigaji huukanyaga upinde na kuuvuta ugwe kwa mikono miwili, au kwa kulabu iliyofungwa kiunoni. Ugwe ukinaswa hubaki umevutwa mpaka kifyatulio kibonyezwe. Mardhi bin Ali al-Tarsusi alizieleza aina zake katika kitabu cha silaha alichomwandikia Sultani Salahuddin (aliyefariki 589 H/1193). Naye Kadhi Bahauddin Ibn Shaddad, aliyekuwa pamoja na Sultani wakati wa kuzingirwa Akka (585–587 H/1189–1191), ameutaja upinde wa zanburak katika habari za vita vile.

Mshale wake si ule wa upinde wa mkono. Mshale wa mkono ni mrefu, na mwisho wake una mkato mwembamba unaoubana ugwe. Wa upinde wa mguu ni mfupi na mnene, kwani hupita juu ya mti wenye mfereji. Mingi ya zama zile haikuwa na mkato kabisa: mwisho wake ulikuwa bapa, ukaingia katikati ya meno mawili ya kigurudumu cha pembe kilichoshika ugwe. Manyoya yake mara nyingi yalikuwa mawili, si matatu, ili mshale ulale sawa katika mfereji.

Basi fundi alitakiwa kuoanisha mambo matatu: unene wa wano, umbo la mwisho wake, na uzito wa kigumba. Mwisho usipokaa sawa, ugwe huweza kupita juu au chini ya mshale. Hapo nguvu yote huurudia upinde wenyewe, ukavunjika na kumjeruhi mpigaji. Au mshale hutoka umepinda na kupiga kwa ubavu. Kosa la nyuma huonekana mbele.

Na hapa ndipo fiqhi inapoingia. Adiyy bin Hatim (r.a.), aliyekuwa mwindaji, alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mi'radh, mshale mzito usio na manyoya. Jibu lake, katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, lina maana hii: ukipiga kwa ncha yake ukatoboa, kula, ukipiga kwa ubavu wake ukaua, usile, kwani huyo ni mnyama aliyekufa kwa kipigo. Naye ametajwa miongoni mwa vilivyoharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 3. Kwa hiyo nguvu ya mtambo haihalalishi kitu. Kinachotazamwa ni kutoboa.

Kwa msingi huo mafaqihi wengi, wakiwemo wa madh-hebu ya Imamu Shafi, walikataa windo lililouawa kwa bunduq, yaani kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde. Hilo halikubadilika hata pale Khalifa al-Nasir li-Din Allah (575–622 H/1180–1225) alipoufanya mchezo wa bunduq kuwa fahari ya zama zake. Windo likidirikiwa hai likachinjwa, hapana neno.

Neno letu "bunduki" limetoka huko huko. Silaha ya baruti ilipoenea, maulamaa walilazimika kuuliza upya: je, risasi ni kidonge au ni mshale? Imamu Shawkani (aliyefariki 1250 H/1834) aliona kuwa inahalalisha, kwa sababu hutoboa na kupenya. Jina lilikuwa la kidonge, lakini hukumu ikafuata kitendo.

Tunajifunza nini? Kwanza, mwenye kutumia upinde huu kwa kuwinda asichukue mshale wowote ulio karibu. Kigumba kiwe kikali, na mwisho wa mshale uoane na mtambo wake. Amtaje Allah anapofyatua, kwani jamhuri ya maulamaa wameona ni wajibu, na kwa Shafi ni sunna iliyotiliwa mkazo. Akifika, aangalie jeraha. Akiona mchubuko bila tundu, au akamkuta mnyama kafia majini asijue ni maji au ni mshale uliomuua, amwache. Asili ya nyama iliyo na shaka ni kuzuiliwa.

Pili, mwalimu anayefundisha mlango huu asitosheke na kutaja hukumu tu. Awaoneshe wanafunzi kitu chenyewe na namna kinavyofanya kazi, kwani hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu.

Wallahu a'lam.