Kiharusi cha majaribio kwa panya

Kiharusi cha majaribio ni kiharusi kinachosababishwa kwa makusudi katika mnyama wa maabara, hasa panya, ili kuchunguza jinsi ubongo unavyoharibika ukikosa damu na jinsi unavyoweza kuokolewa. Njia inayotumika zaidi ni kuziba kwa muda ateri ya kati ya ubongo. Kwa binadamu pia ateri hiyo huzibwa mara nyingi.

Historia

Zamani ilibidi fuvu lipasuliwe ili kuifikia ateri hiyo. Mwaka 1986 Koizumi na wenzake nchini Japani walieleza njia ya kuiziba kwa uzi unaopitishwa ndani ya mshipa kutoka shingoni. Mwaka 1989 Longa na wenzake waliiboresha. Wote walitumia panya wakubwa. Baadaye njia ililetwa kwa panya wadogo, ambao wana aina nyingi zilizobadilishwa jeni.

Utaratibu

Panya hupewa nusukaputi. Joto la mwili wake hudumishwa karibu na sentigredi 37, kwa kuwa ubaridi hulinda ubongo na ungepotosha matokeo. Ngozi ya shingo hupasuliwa, kisha uzi wa nailoni wenye ncha ya silikoni huingizwa katika ateri ya karotidi na kusukumwa hadi mwanzo wa ateri ya kati. Kifaa cha leza huonyesha kama mtiririko wa damu umepungua. Kwa panya wadogo uzi huachwa kwa kawaida dakika 30 hadi 60, halafu huvutwa na damu kurudi.

Vipimo

Panya aliyepata kiharusi huwa na udhaifu wa mguu wa mbele, au huzunguka upande mmoja. Baada ya kuuawa bila maumivu, ubongo wake hukatwa vipande na kutiwa rangi ya TTC: sehemu hai huwa nyekundu, iliyokufa hubaki nyeupe. Kiini cha jeraha hufa upesi, lakini eneo linalokizunguka, liitwalo penumbra, huweza kuokolewa damu ikirudi mapema.

Mipaka

Dawa nyingi zilizofaulu kwa panya zilishindwa kwa binadamu. Mfano ni NXY-059: matokeo ya jaribio kwa wagonjwa, mwaka 2006, yalitia matumaini, lakini jaribio kubwa zaidi la mwaka 2007, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, halikuonyesha faida. Sababu mojawapo ni kwamba panya wa majaribio mara nyingi ni madume vijana wenye afya, ilhali wagonjwa wengi ni wazee wenye shinikizo la damu au kisukari. Tena, tafiti nyingine hazikugawa panya kwa kubahatisha, na mpimaji alijua ni yupi aliyepewa dawa.

Maadili

Watafiti huongozwa na kanuni tatu za Russell na Burch za mwaka 1959: kutumia njia mbadala inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza mateso yao. Kwa hiyo panya hupewa dawa ya maumivu na chakula laini, na uzito wake hufuatiliwa. Jaribio lililopangwa vibaya huwatesa wanyama bila kumsaidia mgonjwa yeyote.