Mali Kauli

Msomaji, huenda umeona kitabuni picha ya msafara wa karne ya 19, wapagazi wamejitwika pembe za ndovu wakielekea Bagamoyo. Je, umepata kujiuliza pembe zile zilikuwa mali ya nani? Jibu si jepesi, maana kila pembe ilifungamana na masharti ya watu watatu.

Wa kwanza ni mfanyabiashara wa Salem, Marekani. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya nchi yake na Sayyid Said, alileta Unguja majora ya kitambaa cha pamba kilichoitwa merekani. Mara nyingi hakulipwa papo hapo. Alimwachia tajiri wa Kihindi kwa muda, apate kulipwa kwa pembe. Tajiri huyu ndiye wa pili. Naye alimkopesha kitambaa hicho, pamoja na shanga na nyaya, mtu wa tatu, yaani mkuu wa msafara. Mkopo wa namna hii uliitwa mali kauli, mali iliyotolewa kwa neno.

Tazama basi jinsi ahadi hizo zilivyoshikana. Mkuu wa msafara hakuagana lolote na mtu wa Salem, wala pengine hawakupata kuonana. Lakini alipokawia bara, tajiri wa Unguja alikosa cha kumlipa Mmarekani, na merikebu ikakosa shehena. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikopeshwa na Taria Topan. Safari yake moja ilimweka bara zaidi ya miaka kumi, hata akarudi Unguja mwaka 1882. Tajiri alishika nini muda huo wote? Neno tu. Shida iliweza kuanzia upande wa pili pia: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliadimisha merekani, ikabidi vitafutwe vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi.

Lakini usiwasahau wale ambao hawakuahidi kitu. Deni lilimhimiza mkuu wa msafara asirudi mikono mitupu. Na kule bara vijiji vilishambuliwa, watu wakatiwa utumwani, ili deni la pwani lilipwe. Wahenga walisema ahadi ni deni. Ni kweli, ila yafaa kuuliza pia ni nani anayelilipa.