Kikulacho ki nguoni mwako: Kinga ya mwili inapolishambulia jicho

KINGA ya mwili ni mlinzi wa kupambana na viini vya maradhi. Hata hivyo, mlinzi huyo anapopotoka, huweza kumgeukia mwenye nyumba. Miongoni mwa sehemu zinazoumia vibaya ni retina, utando ulio nyuma ya jicho ambao hupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za ubongo.

Uvimbe huo wa ndani ya jicho huitwa uveitisi. Wakati mwingine huletwa na viini, kama vile vya kifua kikuu. Katika visa vingine hakuna kiini kinachopatikana; ni chembe nyeupe za damu zinazoishambulia retina. Chembe za retina zikifa hazimei tena, na mgonjwa hubaki kipofu.

Kwa kuwa daktari hawezi kukata kipande cha retina ya mgonjwa kila anapotaka kuichunguza, mengi yanayojulikana yametokana na wanyama.

Farasi hupatwa na uveitisi bila kuambukizwa maabarani. Zamani watu waliuita upofu wa mwezi, wakidhani kwamba hurudi kwa kufuata mwandamo wa mwezi. Sasa inajulikana kwamba mara nyingi huhusishwa na bakteria wa leptospira, kisha kinga ya farasi huendelea kulidhuru jicho.

Mnamo 1988, watafiti wa Marekani, akiwemo Rachel Caspi, walieleza jinsi walivyozusha ugonjwa huo katika panya wadogo kwa kuwadunga protini za retina. Moja kati yazo ni IRBP, ambayo husafirisha vitamini A inayohitajika ili jicho lione. Panya mzima akitiwa chembe nyeupe aina ya T kutoka kwa aliyeugua, naye huugua.

Kwa nini chembe hizo hukosea? Jibu limo katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Humo chembe za T huonyeshwa protini za mwili, na zile zinazotaka kuzishambulia huangamizwa. Jeni iitwayo AIRE ndiyo huiwezesha tezi hiyo kutoa protini za viungo vya mbali, yakiwemo macho. Mnamo 2002 ilibainika kwamba panya wasio na jeni hiyo hushambuliwa retina. Mnamo 2006 ikathibitishwa kwamba kukosekana kwa IRBP pekee katika thaimasi kunatosha kuleta maradhi ya jicho.

Utafiti huu umewafaa wagonjwa. Katika panya, kuzuia kemikali ya uvimbe iitwayo TNF kulipunguza madhara. Mnamo 2016, dawa ya adalimumab, inayoizuia kemikali hiyo, iliidhinishwa Marekani kutibu uveitisi isiyotokana na viini. Kabla ya hapo tegemeo kubwa lilikuwa dawa za steroidi, ambazo zikitumiwa muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha shinikizo la jicho.

Lakini kumzuia mlinzi kuna gharama. Dawa za kuzuia TNF huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Kwa hivyo, katika nchi kama Kenya ambako ugonjwa huo umeenea, ni sharti mgonjwa apimwe kwanza.

Aidha, panya si binadamu. Retina yake haina makula, sehemu ya katikati inayotuwezesha kusoma na kutambua nyuso. Matokeo ya maabara ni mwongozo tu. Uamuzi wa mwisho hutokana na majaribio kwa wagonjwa wenyewe.