Kompyuta ilivyotuonyesha galaksi zikigongana

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi na vumbi, vyote vikishikiliwa pamoja na nguvu ya mvutano. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi iitwayo Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe tunaouona angani usiku wa giza.

Wakati mwingine galaksi mbili hukaribiana na kugongana. Tukio hilo huchukua mamia ya mamilioni ya miaka, kwa hiyo hakuna binadamu anayeweza kulitazama mwanzo hadi mwisho. Darubini hutupa picha ya hatua moja tu.

Picha hizo zilizua mjadala. Baadhi ya galaksi zilionekana na mikia mirefu na myembamba. Wanasayansi wengi hawakuamini kwamba mvutano peke yake unaweza kuifanya. Wengine walitaja nguvu za sumaku.

Mwaka 1941, Erik Holmberg wa Sweden alitumia balbu 74 mezani badala ya nyota, kwa kuwa mwanga hupungua kwa umbali kama mvutano unavyopungua. Kisha ikaja kompyuta.

Mwaka 1972, ndugu wawili nchini Marekani, Alar na Juri Toomre, walichapisha hesabu zao. Kila galaksi waliipa kitovu kizito, na mara nyingi walikizungushia nukta 120 tu zilizosimama badala ya nyota. Kompyuta ilikokotoa kila nukta inavutwa wapi, hatua kwa hatua. Michoro ilipounganishwa ikawa filamu: galaksi zinapishana, kisha mikia inachomoza.

Sababu yake wakazi wa pwani wanaijua. Mwezi huvuta zaidi upande wa dunia ulio karibu nao kuliko ulio mbali, ndipo bahari hujaa na kupwa. Galaksi nazo huvutana hivyo hivyo, na nyota za pembeni hutupwa nje.

Michoro yao ilifanana na galaksi halisi, zikiwemo zile mbili ziitwazo Antena. Mvutano ulitosha.

Je, nyota hugongana? Ni nadra sana, maana nafasi kati yake ni kubwa mno.

Tukumbuke basi: filamu kama hizi si picha zilizopigwa angani, ni hesabu iliyochorwa. Tunaziamini pale tu zinapolingana na kile darubini inachokiona.