Cha Juu ni cha Mwajiri

Mwishoni mwa miaka ya 1940, Reading, aliyekuwa sajenti wa kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza, aliidai serikali yake karibu pauni 20,000. Fedha hizo alizichuma Cairo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa akivaa sare, anapanda lori la magendo lililojaa pombe, anakatiza nalo mjini. Polisi wakimwona mwanajeshi ndani, hawakagui. Mzigo ukifika, analipwa. Siku moja alifungua bahasha akakuta pauni 2,000.

Jeshi lilimfunga na kuzitwaa fedha zile. Alipotoka gerezani akaenda mahakamani na hoja ambayo hata leo utaisikia kwa afisa ununuzi aliyepewa cha juu na muuzaji: mwajiri wangu amepoteza nini? Na kweli, serikali haikupoteza hata senti. Lakini mwaka 1951 kesi ya Reading ilifika kikomo kwa majaji wa juu kabisa wa Uingereza, naye akashindwa. Kilichopitisha lori ni sare, na sare aliivaa kwa utumishi wa mfalme. Basi faida yake ni ya mfalme.

Msingi huo ulikuwa wa zamani. Mwaka 1726 mdhamini wa mali ya mtoto alinyimwa kuongezewa, kwa niaba ya mtoto huyo, muda wa kupanga soko la Romford, akajipangia mwenyewe. Mahakama ikamwamuru amkabidhi mtoto upangaji huo. Mwaka 1888 ikawa zamu ya mkurugenzi wa kampuni ya uvuvi ya Boston, Uingereza, aliyekula kamisheni ya siri kwa waunda meli.

Kwetu kanuni hiyo iliingia kwa njia ya India. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyotumika pia Afrika Mashariki, ilitoa mfano wa wakala aliyetumwa kununua nyumba. Anarudi kwa tajiri yake na kumwambia haiuzwi, kumbe ameinunua yeye. Tajiri akigundua, anaweza kumlazimisha amuuzie kwa bei ileile aliyoinunulia.

Naiona kanuni hiyo ni ya haki, kwa kuwa haimsubiri mwajiri athibitishe hasara, na hasara ya siri ni ngumu kuithibitisha. Tanganyika ilipotunga sheria yake ya mikataba mwaka 1961, sura ya uwakala iliichukua kutoka sheria hiyo ya India.