Picha isiyotikisika ilianzia ndani ya motokari: familia zilizohamishwa zijue inachokata

NZILO, LUALABA – Mtu akipiga video ndani ya motokari kwenye njia za udongo, picha inaruka kwa kila shimo. Lakini simu nyingi za siku hizi zinatoa video laini, kama vile motokari ilipita juu ya lami. Ufundi huo una historia, na wakaaji waliohamishwa wana sababu ya kuijua.

Mwaka 1982, mhandisi Mjapani Mitsuaki Oshima alikuwa Hawaii. Mwenzake alipiga video wakiwa ndani ya motokari, picha zikatikisika sana. Oshima alikuwa akishughulikia jairoskopu, kifaa kinachohisi mgeuko, ili kisaidie madereva kujua njia. Akaona kinaweza pia kupima mtikisiko wa kamera. Mwaka 1988 Panasonic ikauza kamera ya video yenye uwezo huo. Mwaka 2010 jairoskopu ikaingia katika simu ya iPhone 4, na baadaye programu za simu zikachukua kazi ya kutuliza picha.

Programu inakata kingo za picha ili ipate nafasi, kisha inaisogeza picha kinyume na mtikisiko. Ndani ya motokari inaweza kudanganyika. Dereva akikata kona, inadhani ni mtikisiko: inaishikilia picha, kisha picha inaruka ghafula. Dashibodi ikionekana, barabara inatulia na dashibodi ndiyo inacheza. Usiku, picha yenyewe inapata ukungu ambao programu haiwezi kuufuta.

Kwa familia za Kolwezi, jambo hili ni zito. Mwaka 2023, Amnesty International na IBGDH, shirika la Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa kwa nguvu kwa ajili ya migodi. Picha za satelaiti zilikuwa kati ya ushahidi wao. Video ya njiani inaonyesha kile ambacho satelaiti haikioni vizuri: mlango, ukuta, maandishi ukutani. Lakini vitu hivyo viko kandokando ya barabara, na huko ndiko programu inakokata.

Kwa hiyo anayetaka kuhifadhi sura ya mtaa wake azime utulizaji wa picha ikiwa simu inaruhusu, afunge simu imara, dereva aende polepole, na video ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyo. Video inayotikisika inaweza kutulizwa hata kesho. Ukingo uliokatwa wakati wa kupiga haurudi.